Kuchagua Miwaridi na Mimea Jirani kwa Uwanja wa Mbele Wenye Kivuli

Mtu akiuliza kama mwaridi unaweza kuota kivulini, hupewa mojawapo ya majibu mawili, na yote mawili humpoteza. Wa kwanza humwambia kwamba mwaridi ni mmea wa jua na asijisumbue. Wa pili, ambaye mara nyingi ni muuza miche, humwambia apande tu, utaota. Jibu la kweli linategemea kivuli chenyewe: kinatoka wapi, kinakaa saa ngapi, na kinahamia wapi jua linapovuka kutoka kusini kwenda kaskazini. Mwenye kuyajua mambo hayo matatu kuhusu uwanja wake hupata mwaridi unaomfaa, au hutambua mapema kwamba sehemu fulani haifai mwaridi kabisa na akapanda hapo mmea mwingine mzuri.

Mwongozo huu unahusu nyanda za juu za Afrika Mashariki, yaani sehemu kama Arusha, Lushoto, Iringa, Mbeya, Nairobi na Limuru, ambako usiku una ubaridi na miwaridi huchanua karibu mwaka mzima. Pwani ni habari nyingine, kwa kuwa kule kivuli cha mchana humsaidia mwenye miwaridi badala ya kumkwamisha. Mfano nitakaourudia ni uwanja wangu mwenyewe mjini Arusha: nyumba inatazama kusini, kuna mgrivea karibu na lango, na mjakaranda wa jirani umeinamia ukuta wa magharibi. Mwaka wa kwanza nilipanda hapo miche tisa bila kupima chochote, na kipupwe kilipoisha saba kati yake ilikuwa vijiti vitupu.

Hatua ya kwanza: pima mwanga, na upime mara mbili kwa mwaka

Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa kwa ajili ya nchi za mbali na ikweta, ambako upande mmoja wa nyumba ni wa jua na upande wa pili ni wa kivuli miaka nenda miaka rudi. Kwetu sivyo. Kuanzia tarehe 21 Machi hadi 23 Septemba hivi jua huwa kaskazini mwa ikweta, na miezi iliyobaki huwa kusini mwake. Arusha, iliyo kwenye nyuzi 3 na dakika 22 kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Machi na karibu na mwanzo wa Oktoba. Kwa hiyo tuta lililo chini ya ukuta unaotazama kusini hukaa takriban miezi sita bila kuguswa na jua la moja kwa moja, kisha likapata jua la kutosha, pengine la kuzidi, miezi sita inayofuata. Mtu aliyenunua miche mwezi wa Januari akaona tuta limejaa mwanga hana habari ya kitakachomkuta mwezi wa Juni, na hilo ndilo kosa nililolifanya mimi.

Kuna kipimo chepesi cha kukadiria kivuli cha ukuta bila kungoja mwaka uzunguke. Katika Arusha na Nairobi, saa sita mchana mwishoni mwa Juni, ukuta unaoelekea mashariki na magharibi hutupa kivuli upande wa kusini chenye urefu wa karibu nusu ya kimo chake; Iringa na Mbeya, zilizo kusini zaidi, kivuli hicho hukaribia theluthi mbili. Saa mbili asubuhi na saa kumi jioni kivuli hicho huwa kirefu zaidi, kiasi cha kulingana na kimo cha ukuta wenyewe. Ikiwa ukingo wa paa lako uko mita 3 juu ya ardhi, basi mita moja na nusu ya kwanza kutoka ukutani haitapata jua kabisa katika mwezi huo, na sehemu iliyo kati ya mita moja na nusu na mita 3 itapata jua la katikati ya mchana tu. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka: kivuli cha saa sita mchana huangukia kaskazini, nacho huwa kifupi kidogo, zaidi ya theluthi moja ya kimo.

Kipimo hicho hakitoshi penye miti. Penye miti hakuna njia ila kuchukua siku moja isiyo na mawingu mengi, kutoka nje kila baada ya saa moja kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na kuandika kila sehemu ya uwanja iko katika hali gani: jua kamili, jua la chekeche linalopenya kwenye majani, au kivuli kizima. Mimi huchomeka vijiti kila baada ya mita moja na kuvipa namba, kisha natia alama kwenye daftari lenye mistari. Kazi hii ifanywe mara moja mwishoni mwa Juni na mara moja mwishoni mwa Desemba. Inachosha, nami naisisitiza, kwa sababu macho hudanganya: mtu anayeondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi jioni hajawahi kuuona uwanja wake mchana isipokuwa siku za mapumziko.

Ukishapata hesabu, zitazame saa za mwezi ulio mbaya zaidi. Penye saa sita za jua au zaidi huna tatizo la kivuli, na takriban mwaridi wowote wenye afya utakufaa. Penye saa nne hadi sita utachagua kati ya miwaridi inayovumilia kivuli, ambayo nitaieleza hapa chini. Penye saa tatu hadi nne, panda mwaridi unaotambaa tu, ambao miguu yake itakaa kivulini na kichwa chake kikapanda hadi kwenye mwanga. Penye chini ya saa tatu usipande mwaridi. Kuhusu uwanja kama wangu, ambao tuta moja hupata saa saba mwezi wa Desemba na sifuri mwezi wa Juni, ushauri wangu ni kusogeza miwaridi mbele, mbali na ukuta, na kuwaachia mimea mingine mita ile moja na nusu ya nyuma.

Itofautishe pia aina ya kivuli. Kivuli cha ukuta huacha anga wazi juu ya mmea, na mwanga wa anga, hata pasipo jua lenyewe, una manufaa. Kivuli cha mti huziba anga, hudondosha maji juu ya majani ya mwaridi muda mrefu baada ya mvua kukatika, na huja pamoja na mizizi inayonyang'anya maji na chakula. Ukipewa nafasi mbili zenye saa zilezile za jua, moja ya ukuta na moja ya mti, chagua ya ukuta bila kusita.

Hatua ya pili: ongeza mwanga unaoweza kuongezwa

Kabla ya kununua mche wowote, tazama kama kivuli kinapungua kwa gharama ndogo. Mgrivea hustahimili kupogolewa sana; matawi ya chini yakiondolewa hadi kimo cha mita 4 au 5, jua la asubuhi na la jioni hupita chini ya taji lake. Mjakaranda hupukutisha majani wakati wa ukavu, kwa hiyo una kipindi cha mwanga kila mwaka bila mtu kuugusa. Mparachichi ni mgumu kuliko yote, maana majani yake ni mazito mwaka mzima na mizizi yake ya kulisha iko karibu kabisa na uso wa ardhi. Chini yake sipandi mwaridi hata nikibembelezwa. Ikiwa mti ni wa jirani, zungumza naye kwanza.

Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe hurudisha mwanga kwenye tuta kuliko ukuta wa matofali mabichi au wa rangi nzito. Nilipopaka nyeupe ukuta wangu wa magharibi, mashina ya mwaridi uliokuwa umeinama kuitafuta barabara yalinyooka katika msimu mmoja.

Hatua ya tatu: chagua mwaridi wenyewe

Tuanze na ile ya kuepuka, kwa sababu ndiyo inayouzwa zaidi. Mawaridi marefu ya bua moja na tumba kubwa, yale yanayolimwa Naivasha na kusafirishwa Ulaya, yamezalishwa kwa ajili ya vitalu vilivyoezekwa, mahali ambapo unyevu, chakula na dawa hudhibitiwa kila siku. Yakipandwa uwanjani kwenye kivuli hurefuka na kulegea, hutoa maua machache, na tumba lenye petali nyingi mno hushindwa kufunguka wakati wa ubaridi na unyevu, likageuka kahawia na kuoza likiwa limefumba. Miche yangu saba iliyokufa ilikuwa ya namna hii, nami niliambiwa na aliyeniuzia kwamba inapenda kivuli.

Kundi la pili la kuepuka ni mawaridi ya kale ya Ulaya na ya Uarabuni ambayo huchanua mara moja kwa mwaka. Mengi kati ya hayo huhitaji majira ya baridi halisi ili yatoe matumba, na nyanda zetu, pamoja na ubaridi wake wa Julai, hazina baridi ya kutosha. Waridi la Jabal Akhdar nchini Oman, ambalo huvunwa kati ya Machi na Mei na kukamuliwa maji ya waridi yanayojulikana hadi pwani yetu, ni la ukoo huu. Linatoka kwenye milima mikavu yenye jua kali na baridi ya kweli, na haliwezi kuishi maisha hayo chini ya mgrivea wa Arusha.

Yanayofaa ni yale yenye damu ya miwaridi ya China, ambayo huchanua tena na tena bila kungoja baridi, na yenye maua madogo au ya wastani yanayotoka kwa vichala. Sababu iko wazi: mmea ulio kivulini una akiba ndogo ya chakula, na ua dogo lenye petali chache hugharimu kidogo, hufunguka hata siku ya mawingu, na likipukutika lingine lipo tayari.

Kwa kichaka cha kawaida, chaguo langu la kwanza ni Iceberg, mwaridi mweupe uliotolewa na familia ya Kordes nchini Ujerumani mwaka 1958. Huchanua kwa vichala, hauna miiba mingi, huvumilia saa nne za jua, na weupe wake huonekana kutoka barabarani hata magharibi inapoingia. Una udhaifu mmoja ambao lazima usemwe: wakati wa masika hushikwa na madoa meusi, na usipokuwa tayari kuokota majani yaliyoanguka utauchukia. Ballerina, wa mwaka 1937, hutoa vichala vikubwa vya maua madogo ya waridi hafifu yenye kitovu cheupe, kila ua likiwa na petali tano tu. Huu ndio ninaoupendekeza kwa mtu anayeanza, kwa kuwa huonyesha mapema kama mahali panaufaa na hausumbui. The Fairy, wa mwaka 1932, ni mfupi na mtambaaji kidogo, unafaa ukingoni mwa njia ya miguu. Old Blush, mmoja wa miwaridi ya China iliyofika Ulaya katika karne ya 18, hauna fahari ya mbali, lakini siwezi kukumbuka mwezi nilioukuta hauna ua. Mutabilis, nao wa asili ya China, hufungua maua ya rangi ya njano iliyofifia ambayo hugeuka waridi na hatimaye damu ya mzee. Huwa mpana, hivyo uachie mita moja na nusu kila upande.

Kwa mwaridi wa kutambaa kwenye ukuta au juu ya lango, Madame Alfred Carrière wa mwaka 1879, kutoka Ufaransa, ndio unaosifiwa kwa muda mrefu kuliko yote kwa kustahimili kuta zisizo na jua. Maua yake ni meupe yaliyoguswa kidogo na rangi ya waridi, na harufu yake hufika barazani. New Dawn, uliotolewa Marekani mwaka 1930 na ambao mwaka uliofuata ukawa mmea wa kwanza duniani kupewa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya Marekani kwa mimea, una nguvu zaidi na una miiba ya kuchana nguo. Usiupande karibu na mlango wa kupitia watoto. Wengi huvutwa na Zéphirine Drouhin kwa kuwa hauna miiba kabisa na huvumilia kivuli, lakini hushambuliwa mno na ubwiri, ugonjwa wa unga mweupe kwenye majani, na mimi nisingeupanda mahali ambapo Juni na Julai hupita bila jua la asubuhi.

Kuhusu rangi, fikiria jinsi uwanja unavyoonekana saa unayoutazama. Waridi jekundu iliyokolea ni zuri mkononi, lakini kivulini, kwa umbali wa hatua kumi, huonekana kama shimo jeusi kati ya majani. Nyeupe, maziwa, waridi hafifu na njano ya malai ndizo zinazoangaza.

Yapo matatizo ya majina. Wauza miche wengi wa kando ya barabara hawana kibandiko. Wana jekundu, jeupe na la njano, basi. Hapo itakubidi uusome mmea wenyewe. Tafuta mche ambao tayari una ua, na uone kama maua yako kwa kichala na kama petali ni chache. Tafuta majani yenye mng'ao na magumu kidogo, maana jani laini na la kufifia hushikwa na ubwiri haraka. Geuza jani utazame chini yake kama kuna utitiri au unga wa rangi ya machungwa, ambao ni kutu. Hesabu mashina yanayotoka chini: matatu ni bora kuliko moja nene. Uliza pia mche ulikuwa unakaa wapi. Uliokuzwa juani kamili ukihamishiwa kivulini siku hiyohiyo utaangusha majani, na ni vyema uuzoeshe kwa wiki mbili ukiwa bado ndani ya kiriba chake.

Hatua ya nne: chagua mimea jirani

Mimea jirani ina kazi mbili katika uwanja wa kivuli. Inajaza mahali ambapo mwaridi hauwezi kuishi, na inafunika udongo ulio chini ya mwaridi ili matone ya mvua yasirushe vimelea vya madoa meusi kutoka ardhini hadi kwenye majani. Isipite kiasi na kuziba hewa, maana mwaridi wa kivulini unahitaji upepo wa kuukausha kuliko ule wa juani. Acha duara tupu la sentimita 40 au 50 kuzunguka shina, lililotandazwa nyasi kavu au majani makavu.

Kwa mgongo wa tuta, ule ukanda wa ukutani usiopata jua, hakuna mmea ninaouheshimu kama masale. Wachagga wanaupanda mipakani kwa vizazi vingi, na jani lake hubebwa na mtu anayekwenda kuomba msamaha. Ni mmea wa mlimani kwetu, umezoea kivuli cha migomba na miti mirefu, hauombi dawa, na majani yake marefu ya kijani kibichi huyafanya maua meupe ya mbele yaonekane maradufu. Ukirefuka mno, ukate popote unapotaka nao utachipua, na kipande ulichokikata kikichomekwa ardhini huota.

Chini ya miti, penye mizizi mingi na udongo mkavu, panda klivia. Asili yake ni misitu ya Afrika Kusini, hustahimili ukavu na kivuli kizito, na hutoa maua ya rangi ya machungwa mahali ambapo mengine yote yamekata tamaa. Hukua polepole, na wauzaji huliuza ghali kwa sababu hiyo, lakini shina moja huzaa mengine na baada ya miaka michache utagawa mwenyewe. Utomvu wake na mizizi yake ni sumu ikiliwa, vivyo hivyo ua jeupe la aramu linalopenda sehemu zenye maji, na majani ya haidrenjia. Penye watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni, au mbuzi wanaopita wakati lango liko wazi, pangilia kwa uangalifu.

Haidrenjia, kwa upande wake, ni mmea wa fahari kwa mahali pa ubaridi kama Lushoto na Limuru, lakini hunywa maji mengi mno kupandwa bega kwa bega na mwaridi. Ipe pembe yake yenyewe, karibu na bomba. Rangi yake hufuata udongo: kwenye udongo wenye uchachu huwa ya buluu, na uchachu ukipungua hugeuka waridi, jambo linalokupa habari fulani kuhusu udongo wako bila kupima.

Kwa kufunika ardhi mbele ya miwaridi, impeshensi ni za kwetu kabisa. Aina ile inayouzwa duniani kote kama ua la vivulini ni mzaliwa wa Afrika Mashariki, na misitu ya Usambara ina ndugu zake wanaofaa kutazamwa na kila apitaye. Huchanua bila kukoma, mizizi yake ni mifupi haimsumbui jirani, na hujipanda yenyewe kwa mbegu zinazoruka. Mmea ule wenye majani membamba ya mistari myeupe, ambao wengi huutundika barazani ndani ya vyungu, nao hufanya ukingo safi ukipandwa chini. Makangaga, hasa yale madogo, hupendeza kati ya mawe. Agapanthasi ipandwe kwenye ncha ya uwanja inayopata jua, vinginevyo itatoa majani matupu. Ile mimea ya kutambaa ya jamii ya kongwe, yenye majani ya zambarau, usiipande karibu na miwaridi. Huenea hadi shinani, huweka unyevu, na konokono hujificha humo mchana.

Wapo wanaoshauri kupanda vitunguu saumu chini ya miwaridi ili kuzuia magonjwa. Sijaona vikizuia, na vyenyewe vinataka jua.

Neno moja kuhusu urujuani wa Usambara, kwa kuwa watu huniuliza sana. Ua hili dogo, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire aliipeleka mbegu yake Ujerumani mwaka 1892 akiwa mtawala wa Kijerumani katika eneo la Tanga, ni la kivuli kweli, lakini tuta la nje lenye mvua ya masika huyaozesha majani yake yenye manyoya. Mahali pake ni chungu kilichowekwa barazani, chini ya paa, ambako litatazamana na miwaridi bila kuishi nayo.

Hatua ya tano: panga na upande

Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa mvua, na kwa uwanja unaotazama kusini mvua za vuli ni bora kuliko za masika, kwa kuwa mche unaopandwa Novemba una miezi minne ya jua mbele yake, ilhali ule wa Machi unaingia moja kwa moja katika giza la kipupwe.

Kaa mbali na shina la mti kwa angalau mita 3. Kaa pia mbali na ukingo wa paa kwa sentimita 60 au zaidi, kwa sababu chini ya paa mvua haifiki, na pale hasa maji ya paa yanapomwagikia yatachimba udongo na kuipiga mizizi. Chimba shimo la sentimita 50 kwa upana na kwa kina, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza kabisa au mboji, na ukikuta mizizi myembamba ya mti ikate kwa jembe. Usirundike udongo kwenye shina la mti ili kutengeneza tuta, maana utauozesha. Acha mita moja hadi mita moja na robo kati ya kichaka na kichaka. Ni nafasi kubwa kuliko inayotumika juani, na ndivyo inavyopasa. Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine, uzikwe hadi kiungo chake kiwe usawa wa ardhi, kisha umwagilie ndoo nzima ya lita 20 kwa utaratibu, hata kama mvua inanyesha.

Hatua ya sita: tunza kwa namna ya kivuli

Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi hudhuru hapa kuliko juani, kwa sababu mmea hurefuka kuutafuta mwanga na kutoa mashina laini yanayopendwa na vidukari. Ndoo ya mboji kila baada ya miezi minne inatosha. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, kamwe si juu ya majani wala jioni. Wakati wa ukavu, lita 20 kwa mwaridi kila wiki ni kiasi cha kuanzia, na uongeze penye mizizi ya mti.

Madoa meusi hushika jani lililokaa na maji kwa saa saba au zaidi, na kivulini hilo hutokea kila usiku wa mvua. Okota majani yaliyoanguka kila wiki, uyachome au uyafukie mbali, usiyatie kwenye mboji. Ubwiri, ule unga mweupe, huja hata pasipo mvua, hasa siku zenye usiku wa baridi na mchana wa joto. Ukiuona mapema, nyunyizia maziwa yaliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa, mara moja kwa wiki, na ukiwa umeenea tumia salfa ya unga asubuhi pasipo jua kali. Kichaka kinachougua kila mwezi kwa mwaka mzima hakihitaji dawa zaidi. Kinahitaji mahali pengine.

Upogoaji ndiyo kazi inayokosewa zaidi. Mwaridi wa juani unaweza kukatwa nusu nao ukarudi kwa nguvu. Wa kivulini hauna akiba hiyo, kwa hivyo usiondoe zaidi ya theluthi moja, na uanze na mashina yaliyokufa, yanayosuguana na membamba kuliko kalamu. Katika uwanja wangu napogoa mwishoni mwa Agosti, ili machipukizi mapya yakute jua linarudi upande wa kusini mwezi wa Septemba, na maua ya kwanza hufunguka wiki sita hadi nane baadaye. Mwezi wa Februari nakata kidogo tu, kuondoa maua yaliyozeeka na kufungua katikati ya kichaka kabla ya masika. Mwaridi wa kutambaa usiukate mashina makuu. Yalaze kwa upole kuelekea pembeni na kuyafunga kwenye waya, kwa kuwa shina lililolazwa huchipua matawi ya maua kwenye kila kifundo, ilhali lililosimama huchanua nchani peke yake.

Upe kila mwaridi mizunguko miwili ya mwaka kabla ya kuuhukumu. Kipupwe cha kwanza huangusha majani mengi hata kwenye mmea uliopandwa mahali pazuri. Ikiwa baada ya kipupwe cha pili mashina mapya ni membamba kuliko ya mwaka uliotangulia, na yote yameegemea upande mmoja, hesabu yako ya mwanga ilikosea. Ung'oe mwanzoni mwa vuli pamoja na bonge la udongo, ukiwa umepogoa nusu ya matawi ili mizizi iliyokatika isielemewe, uusogeze mita moja mbele kuelekea mwanga, na mahali ulipotoka chomeka kipande cha sale.